Msalaba Umelala

"Umeulaza makusudi!"

"Mimi? Mimi nilaze msalaba? Wewe Mluguru umezaliwa kwenye mteremko, ukiona kitu kimekaa sawasawa unadhani kimepinda!"

Watu wakacheka. Mama Lucy, aliyekuwa anapita njiani na ndoo ya maji kichwani, alisimama kabisa asije akapitwa. Bernadeta naye, aliyekaa kwenye kizingiti cha jiko na ungo wa mchele mapajani, alicheka mpaka chuya alizokwisha kuzitenga zikarudi mcheleni. Mumewe, Agustino, alikuwa upande huu wa uzio wa michongoma. Fundi Hamza, jirani yao, alikuwa upande ule, na miwani yake ya kazi ameipandisha utosini. Hiyo ndiyo ilikuwa kawaida ya upande wao wa Mlali: jua halijakaa sawa, wawili hawa wameshatukanana. Mluguru na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za babu zao, na mtani hashtakiwi kwa maneno.

"Mpe huyo mpagazi!" Mama Lucy akachochea. "Babu yake alibeba meno ya tembo kutoka Tabora, yeye hata saa ya mkononi inamlemea!"

Agustino hakucheka. Aliinyoosha saa juu ya michongoma, miiba ikamkwaruza mkono na wala hakujali.

"Tazama kioo. Ukungu mtupu kama mlimani. Jana imesimama, mimi sina habari. Nimegonga kengele ya adhuhuri watoto wameshatoka shule, wameshakula, wameshaanza kucheza mpira. Kigango kizima kinanicheka."

"Saa niliyokukabidhi ilikuwa imefungwa, Agustino. Maji yamepita wapi?"

"Yamepita ulikoyapitisha wewe. Ulianza kwa kuulaza msalaba wa mjomba, ukamalizia kwa kutia maji. Utani una mipaka. Dini yangu si kitu cha kuchezea, Bwana Hamza."

Bwana Hamza.

Bernadeta ndiye aliyekuwa wa kwanza kuacha kucheka. Ungo ulimtulia mapajani kama umepigwa msumari. Ameishi na Agustino tangu akiwa na kiuno cha kuzungushia khanga mara mbili, na hajawahi kumsikia akimwita Hamza "bwana". Humwita mpagazi, humwita mla michembe, vile viazi vikavu vya kwao, humwita mtumwa wa bibi yangu. "Bwana" ni neno analomwekea afisa kilimo, na yule kijana anayekuja kukata umeme.

Hamza alifungua kinywa. Ulionekana kabisa mzaha ukimjia mpaka kwenye meno, halafu akaumeza. Aliishusha miwani.

"Sawa, Mzee Agustino," akasema taratibu. "Nimekusikia." Akageuka, akaingia ndani.

"Mbona mmekatisha?" Mama Lucy akalalamika. "Ndiyo kwanza ilikuwa inanoga!"

Mama Lucy alitazama huku, akatazama kule, na alipoondoka na ndoo yake alikwenda upesi kuliko kawaida, maji yakimrukia mabegani. Bernadeta alijua kabisa anawahi nini.

Saa yenyewe ilikuwa ya mjomba Alois. Kwa Waluguru mtu hurithi kwa mjomba wake, na Alois, kaka wa mama yake Agustino, ndiye aliyekuwa mgonga kengele wa kigango, lile kanisa dogo la mteremkoni ambalo padri hulifikia kwa zamu. Kengele nayo ni rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mfenesi, lakini mjomba Alois aliigonga kama ya kanisa kuu. Padri mmoja wa zamani, wakati wa kurudi kwao, alimvulia saa yake mkononi akampa. Saa nzito ya chuma, ya kuzamia baharini. Hamza alikuwa haishiwi maneno juu ya saa hiyo. "Padri gani huyo, anampa mtu wa mlimani saa ya kuzamia? Mngezama wapi, kwenye bustani ya kabichi?"

Uzuri wa saa ile ulikuwa kwenye kifundo chake cha pembeni, kile cha kurekebishia majira. Hakikusukumwa tu kama cha saa nyingine. Kilikuwa na meno ya skrubu kwa ndani, unakizungusha mpaka kinakaza kama kizibo, maji yasipate pa kupita. Na juu ya kifundo, padogo pa kuenea punje ya mtama, palichorwa msalaba.

Mjomba alipofariki, wazee wa ukoo waliteremka kutoka Mgeta, wakampa Agustino jina la marehemu, na saa na kengele pamoja na jina. Kuna walionung'unika. Bonifasi, mtoto wa mama yake mdogo Agustino, aliyebaki kulekule juu akilima karoti na kuuguza wazee, alisema waziwazi kwamba jina limempita likaenda kwa mtu wa bondeni. Siku ile ya msiba Hamza, kama mtani, alivaa kofia ya marehemu akatembea mwendo wake, mguu mmoja ukichechemea, akajifanya anagonga rimu kwa kijiko cha pilau. Watu walilia na kucheka kwa jicho hilohilo. Agustino alisema baadaye kwamba bila Hamza asingeuvuka msiba ule.

Basi mvua za mwaka huu zilipoanza, saa ikaingiwa na ukungu. Hamza aliichukua mezani kwake pale karibu na stendi, akaifungua, akaikausha, akabadilisha kijipete cha mpira kilichokuwa ndani ya kifundo. Alipoirudisha Bernadeta alikuwepo, akimenya magimbi.

"Sikiliza, mtumwa," Hamza alimwambia Agustino. "Mpira wa zamani ulikuwa umechakaa mpaka umekuwa karatasi. Huu mpya mnene. Kwa hiyo kifundo kitafika mwisho mapema kidogo kuliko ulivyozoea. Kikigoma, ndiyo kimefunga. Usishindane nacho."

Agustino alitikisa kichwa kwa heshima zote. Bernadeta anakijua kichwa kile. Ndicho anachokitikisa wakati wa matangazo baada ya misa.

Na kweli, kifundo kilipofika mwisho, msalaba haukusimama tena kama zamani. Ulilala ubavu, mkono mmoja chini na mmoja juu, kama mtu aliyejinyoosha baada ya kushiba. Agustino hakuusema. Mpaka Jumapili moja nje ya kigango, Bonifasi aliyekuwa ameteremka na magunia yake alimshika mkono kumsalimia, akauinua, akautazama, akacheka mbele za watu: "Loo! Msalaba wa mjomba umelala. Kwa mjomba haukulala hata siku moja. Nani kaulaza?"

Na Agustino, badala ya kucheka, alirudi nyumbani bila kunywa hata maji.

*

Siku zilizofuata zilikuwa za adabu, na Bernadeta hajawahi kuona kitu kibaya kama adabu ile.

Kwenye uzio wa michongoma kulikuwa na pengo. Hakuna aliyelikata. Lilijifungua lenyewe kwa miguu ya watoto, kuku na mabakuli. Shakila, mke wa Hamza, akipika maharage ya nazi, bakuli lilipita pale. Likirudi halikurudi tupu. Bernadeta alikuwa mtu wa namna hiyo: nyumba isiyo na kelele za kijiko cha mgeni humfanya ahisi kama kuna mgonjwa ndani. Sasa pengo lilikuwa linapitisha kuku peke yao.

Shakila alikuja mchana mmoja akiwa amejitanda khanga mpaka puani, kama anayekwenda kwa mganga.

"Shoga, hawa watu wamepatwa na nini? Leo asubuhi mume wangu amemwamkia mumeo shikamoo."

"Shikamoo?" Bernadeta aliweka mwiko chini. "Hawa si walitahiriwa msimu mmoja? Na huyu wangu akasemaje?"

"Akaitikia! 'Marahaba, habari za kazi.' Nikasema basi, wamekwisha."

Wangecheka siku nyingine. Shakila alikaa kwenye kibao cha mbuzi ya nazi, akawa anachomachoma vumbi kwa kidole cha mguu.

"Halafu si hilo tu. Tangu maneno yale, hakuna mtu wa kigango aliyekaa kwenye benchi la Hamza. Mama mmoja alikuwa ameacha simu itengenezwe, ameifuata ikiwa bado wazi, akaifunga kwenye leso akaondoka. Inasemwa fundi anadharau misalaba. Hamza, Bernadeta! Mtu aliyebeba jeneza la mjomba wenu mpaka bega likavimba! Usiku halali. Anasema afadhali angeambiwa mwizi."

Bernadeta aliinuka. Alimfungia ndizi za kuchemsha kwenye jani, Shakila akazipokea kwa mikono miwili, na ile mikono miwili nayo ilimuuma. Zamani alikuwa anajipakulia mwenyewe sufuriani.

Habari ilikuwa imeshafika mpaka sokoni. Ilitoka hapa ikiwa ya kifundo cha saa, ikafika kule ikiwa ya dini, na Bernadeta, ambaye katika maisha yake ameshasafirisha umbea mwingi tu na hakuona ubaya, kwa mara ya kwanza alitamani umbea ungekuwa na breki.

Kilichomkata kabisa ni jogoo.

Prisca, binti yao, alikuwa anakuja Jumapili kutoka Turiani na mumewe Wilfred. Jogoo mwekundu alikuwa ameshafungwa mguu kwenye nguzo nyembamba ya jiko. Katika nyumba ile, tangu waoane, kuku hachinjwi na mwingine ila Hamza. Anaitwa, anavuka pengo na kisu chake, anamtaja Mungu wake, anachinja, na baada ya hapo chungu ni cha wote, wa msikitini na wa kigangoni. Hakuna aliyeandika sheria hiyo. Ni adabu tu ya watu wanaotaka kula pamoja.

"Mwambie Hamza aje kesho mchana," Bernadeta alisema Ijumaa jioni, kama mtu anayeongea na sufuria.

"Jogoo nitamchinja mwenyewe," Agustino akajibu.

"Ukimchinja wewe, akina Shakila watakula nini?"

"Nani kasema wanakuja?"

Bernadeta alimtazama mumewe. Hakuona hasira usoni mwake. Kama angeiona angejua la kufanya, maana hasira ya Agustino huisha kwa uji wa moto. Aliona kitu kinachofanana na woga, na hakujua woga wa nini.

*

Jumamosi alitafuta koleo. Sufuria zake kubwa, za siku za wageni, hazina mishikio, na koleo ndilo mkono wake wa kuziepulia. Huning'inia kwenye msumari mlangoni, na siku ile msumari ulikuwa mtupu. Alitafuta chini ya mafiga, kwenye kapu la vitunguu, kwa kuku. Hatimaye alilikuta chumbani, nyuma ya picha ya Moyo Mtakatifu, mahali ambapo mumewe huweka rozari yake.

Koleo na rozari! Alilishika akaligeuza kwenye mwanga wa dirisha. Katikati ya meno yake kulikuwa na chengachenga za kung'aa, si masizi ya sufuria. Chuma kipya kilichokwanguliwa.

Saa ilikuwa juu ya meza, imesimama, ukungu umeikaa. Bernadeta aliinamia kile kifundo. Kingo zake, zilizokuwa na vijimeno safi vya kushikia, zilikuwa zimetafunwa. Na juu yake msalaba ulikuwa umesimama wima, vizuri kabisa, kama siku za mjomba Alois. Alikigusa kwa ncha ya kidole. Kikazunguka. Kilizunguka bila kukamata popote, kama mlango uliong'oka bawaba.

Alikaa kitandani. Kwanza alitaka kuvuka pengo palepale na koleo mkononi, kumpelekea Shakila. Ingekuwa habari tamu, na ya haki pia. Halafu akaufikiria ule uso wa jana. Mtu akishaumbuliwa na mkewe mbele ya uzio, atamwendeaje mtani wake kwa miguu yake mwenyewe?

Akapika chai.

Wana chupa ya chai ya zamani, zawadi ya harusi yao, iliyochorwa waridi. Shina na majani viko kwenye chupa, ua lenyewe liko kwenye kifuniko. Aliyeichora hakuwahi kuifunga, maana kifuniko kikikaza, ua huwa limekwisha kulipita shina na kukaa kando. Watoto wao walikua wakidhani waridi huota hivyo.

Agustino alipotoka shambani, akanawa, akakaa, Bernadeta alimmiminia, akaisogeza chupa kwake.

"Baba Prisca, nifungie, isipoe."

Agustino akafunga.

"Ua halijakaa juu ya shina."

"Halikai hilo. Limefika mwisho."

"Ongeza kidogo."

"Nikiongeza kitapasuka, mke wangu. Kwani leo ndiyo umeiona chupa hii? Kitu kikishafunga kime—"

Mkono wake ulibaki juu ya kifuniko. Bernadeta alilitoa koleo kwenye pindo la khanga, akaliweka mezani kati ya vikombe, taratibu, kama anaweka kijiko.

Nje jogoo aliwika, mpumbavu yule, hajui siku zake.

"Bonifasi alicheka," Agustino akasema hatimaye.

"Bonifasi anacheka hata kwenye ibada ya mazishi."

"Mbele ya ukoo, Mama Prisca. Walishasema sistahili. Nimelichukua jina la mtu aliyewaamsha watu milima mizima, nikaliteremsha huku bondeni, na kitu cha kwanza wanachokiona mkononi kwangu ni msalaba umelala." Alijifuta uso kwa kiganja. "Nilitaka robo tu. Robo ya mzunguko. Ilikuwa inakuja vizuri. Halafu nikasikia kitu ndani kimekatika, kama unatafuna mchele wenye jiwe."

"Ukaja ukamwambia Hamza ni yeye."

"Mwanzoni niliamini ni yeye. Kwamba kama angeuweka vizuri tangu mwanzo, nisingeshika koleo."

"Na sasa?"

Agustino aliligeuza koleo mezani. Bernadeta aliipuliza chai yake ingawa ilikuwa imeshapoa.

"Jina la mjomba umelikaza kwa koleo," akasema. "Na la Hamza umelilegeza. Wateja wake wanamkimbia, unajua? Watu wa kigangoni. Wenzako wa jumuiya."

Agustino alikuwa hajui. Bernadeta aliona hivyo usoni mwake, na ndipo alipokuwa na uhakika kwamba bado ameolewa na mtu yuleyule. Agustino aliitia saa mfukoni, akatoka, akamfungua jogoo, akamweka kwapani.

*

Bernadeta alimfuata kwa mbali, akajifanya anaanua nguo ambazo hata hazijakauka.

"Hodi," Agustino akasema penye pengo. Hodi! Kuku wenyewe hawabishi hodi pale.

Hamza alikuwa kwenye kibaraza chake, mbele yake redio ya mtu imefunguliwa tumbo. Aliinua uso. "Karibu, Mzee Agustino."

"Nimeleta jogoo."

"Nilisikia utamchinja mwenyewe."

"Nani kakuambia?"

"Mlali hii?" Hamza akasema, na kwa kitambo kidogo kabisa mdomo wake ulitaka kucheza. Ukatulia.

Agustino aliiweka saa mezani. "Nilikaza kwa koleo," alisema, na sauti ilikuwa ndogo mpaka Bernadeta akalazimika kusogea mbele kufuata kamba ya nguo. "Nilitaka usimame."

Hamza alivaa kile kioo chake cha jicho moja, akakichomoa kifundo, akakitazama ndani, akaitazama na saa pale kinapoingilia. Alichukua muda. Hakutikisa kichwa wala hakuguna, na kutoguna kwake kulikuwa kuzito kuliko matusi yote ya Tabora.

"Meno ya mbele yameliwa," akasema. "Ya nyuma yamebaki. Nikiyasafisha yatakamata, mradi mtu asishindane nayo tena. Lakini utalala, Mzee. Siwezi kukudanganya. Mtu anaweza kukuwekea usimame, ila uwe umesimama mlango wa maji ukiwa wazi."

"Nimeelewa."

"Mimi sikuulaza."

"Najua."

"Unajua wewe." Hamza alisema bila kupandisha sauti. "Nje huko hawajui."

Agustino alitazama chini. Hamza alimngoja kidogo, kisha akainuka, akaenda kuchukua kisu. Alimchinja jogoo vizuri kama siku zote, akamtaja Mungu wake, akamkabidhi kwa Agustino amemshika miguu.

"Kesho mje kula," Agustino akasema, na hapo Bernadeta nusura atupe nguo chini. Mtani haalikwi! Mtani hufika tu, akafunua sufuria kabla hajasalimia.

"Tutaona, Mzee," Hamza akajibu. "Ahsante kwa kunikaribisha."

*

Jumapili nyumba ilijaa, kama Bernadeta apendavyo. Prisca na Wilfred walikuja na gunia la mchele mpya wa Turiani. Wanajumuiya walipita kusalimia wageni na hawakuondoka. Mama Lucy alikuja kuazima chumvi, akakaa karibu na sahani. Bonifasi alikuwepo pia, ameteremka na karoti, amekaa kwenye kiti chenye mto. Jogoo alikuwa ameiva na harufu ya tangawizi ilifika barabarani.

Bernadeta alipakua huku jicho likiwa kwenye pengo. Firigisi, ambayo katika kila nyumba ni ya baba, aliiweka kwenye kisahani peke yake mbele ya Agustino. Agustino hakuigusa.

Ndipo Hamza akatokea. Alikuwa amevaa kanzu safi, na alisimama palepale kwenye pengo, mguu mmoja kwake, mmoja kwao. Shakila alikuwa nyuma yake, hajui avuke au asivuke.

"Sikai," Hamza akasema. "Nimeleta kazi ya mzee tu."

Agustino akaenda, na watu wote, kwa kuwa ni watu, wakaacha kutafuna.

"Ifunge mwenyewe nikuone," Hamza akamwambia. "Hapana, usianze kwa kukaza. Kwanza kirudishe nyuma, kinyume, taratibu, huku umekikandamiza kidogo. Utasikia kimedondoka kwenye njia yake. Kama mtu anayetafuta ngazi kwa mguu gizani."

Agustino akazungusha nyuma. Bernadeta, kutoka alikokuwa, aliona mabega yake yakishtuka kidogo, kisha yakashuka. Kimedondoka. Akaanza kukipeleka mbele, kwa vidole viwili tu, kama anayefunga kifungo cha mtoto. Kikafika. Akakiachia.

Mshale mwembamba ulikuwa unatembea. Na msalaba ulikuwa umelala ubavu.

"Hee!" Bonifasi alikuwa amenyoosha shingo. "Si huo umelala tena! Jamani, mimi nilisema nini? Huyo fundi..."

"Fundi amefunga saa," Agustino akasema.

Hakupiga kelele, lakini ilikuwa sauti ya mtu aliyezoea kuita watu wa mteremko mzima. Wilfred aliweka kijiko chini.

"Msalaba umelala kwa sababu umefika. Niliusimamisha mimi kwa koleo la mke wangu, nikavunja meno ya saa, ikanywa maji. Halafu nikaja hapa kwenye michongoma nikamsingizia mtu, tena kwa dini. Mama Lucy, umesikia?"

"Mimi?" Mama Lucy akashtuka, mfupa mkononi.

"Wewe. Ile ya kwanza uliifikisha mpaka sokoni. Hii nayo ifike. Na wewe Bonifasi, ukitaka jina la mjomba, njoo kesho alfajiri tugonge kengele pamoja. Baridi iko ya kututosha wote wawili."

Bonifasi alifungua mdomo kucheka kama kawaida yake, akaangalia huku na huku akaona hana mwenzake wa kucheka naye. "Alfajiri ya saa ngapi?" akauliza, na safari hii ilikuwa kama anauliza kweli.

"Ya saa hii hapa," Agustino akasema, akaivaa.

Hamza alikuwa ameinamisha kichwa, anaangalia miiba. "Haya, Mzee," akasema. "Mungu awabariki. Kuleni kwa amani." Akageuka kwenda zake.

Hatua moja tu, Hamza akasimama. Hakugeuka.

"Lakini leo nimeona ajabu," akasema akiiambia michongoma. "Mluguru amesimama wima kwenye ardhi tambarare, na hajaanguka."

Mama Lucy ndiye aliyeanza, kwa kelele kama ya bata, halafu Prisca, halafu nyumba nzima. Shakila alikuwa ameshavuka pengo na bakuli lake. Agustino hakucheka. Alikuwa amerudi mezani, na Bernadeta alimwona akikichukua kile kisahani cha firigisi kwa mikono miwili, akikipitisha juu ya vichwa vya watu, uso umemkunjamana kama mtu anayetafuta tusi la kutosha.

"Wewe mpagazi!" akaita. "Mla michembe! Mtumwa wa bibi yangu! Unakwenda wapi na njaa yako ya Tabora? Ingia ndani ule, firigisi yako inapoa!"